Neno lililokwama kooni: kusoma Murogi wa Kagogo na mgonjwa nyumbani

Ilikuwa mwezi wa kwanza, ziwa limefungwa. Wavuvi wa Kashikishi walikuwa wanashona nyavu na kungojea mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya watu wawili, ndani ya chumba kidogo cha hospitali, nimekuwa mdomo wao. Upande wa kulia daktari kijana, mtu wa upande wa Lusaka, Kibemba chake cha kuokoteza. Upande wa kushoto Baba Mukubwa, mkubwa wa baba yangu mzazi, mvuvi wa Kilwa ya ng'ambo, ile ya Kongo, siyo kile kisiwa. Daktari alisema kwa Kiingereza, mimi niliweka katika Kiswahili. Kazi hiyo naifanya tangu tulipokuwa Kenani mwaka 2017, kabla hawajatuleta Mantapala. Nimetafsiri mambo ya mihogo, ya mabati, ya watoto waliopotea njiani Chiengi. Sikuwa nimewahi kukwama.

Siku ile nilikwama. Daktari alisema neno moja mara tatu, na mara zote tatu mimi nilisema "uvimbe".

Uvimbe si uongo. Kansere ni uvimbe. Lakini jipu pia ni uvimbe, na mguu uliotegukia shimoni ni uvimbe. Baba Mukubwa alitikisa kichwa kwa adabu, akamshukuru daktari, tukatoka. Tulipofika chini ya mwembe pale nje, kabla sijafungua baiskeli, akaniuliza: "Mutoto, ile kensa alisema mara tatu, njo nini?"

Gazeti letu hili limezoea uhakiki wa vitabu na nyimbo, na mara moja moja wa michezo ya kuigiza ya vijana wa afya. Naomba niruhusiwe nianze na uhakiki wa tafsiri yangu mwenyewe, maana ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote nilizowahi kusoma au kusikia. Baadaye nitafika kwenye kitabu. Kitabu chenyewe ni kirefu, kina kurasa zaidi ya 700, kitatungojea.

Kwa nini nilisema uvimbe? Nilijidanganya kwamba ni huruma. Nikifikiri vizuri, ilikuwa aibu. Kiswahili cha vitabu kinasema "saratani ya tezi dume". Liangalie vizuri jina hilo. Saratani ni neno la Waarabu, maana yake kaa, yule mnyama wa kutembea ubavu. Wazungu nao waliuita ugonjwa huu kaa kwa Kilatini, na sisi wa Katanga tukachukua "kansere" kutoka kwa Wabelgiji bila kujua kwamba tumechukua kaa yuleyule kwa njia nyingine. Hiyo haina shida, kaa hamtukani mtu. Shida iko kwenye "tezi dume". Ni kinyama kidogo tu kilichokaa chini ya kibofu, kimezunguka njia ya mkojo, kazi yake ni kuongeza maji kwenye mbegu. Lakini jina limeshakifanya kuwa uanaume wenyewe. Ukimwambia mzee kwamba dume lake lina kaa, umemwambia mambo mengi ambayo daktari hakuyasema.

Na pale ndani hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na muuguzi, binti wa umri wa wajukuu zake. Nami ni mtoto wake kwa ukoo. Katika desturi yetu, kuna mambo ambayo mtoto hayasemi mbele ya baba hata akiulizwa. Nawaambia ndugu wa mashirika, nyinyi mnaotuita wakalimani kwa sababu tuko karibu na hatulipwi sana: mkalimani anapokuwa mtoto wa mgonjwa, sentensi inaingia sikioni ikiwa nzima na inatoka mdomoni ikiwa imekatwa. Hakuna aliyemkataza kusema. Ameshafundishwa tangu ana miaka minne.

Bon. Chini ya mwembe nilimwambia. Nilisema kansere, nilisema prostate, nilisema kwamba imeshafika mfupa wa kiuno, ndiyo maana mgongo ulikuwa unamuuma tukidhani ni kazi ya kupiga kasia. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema: "Kumbe njo ile maladi ya Mobutu."

Wasomaji vijana na wageni wetu huenda hawajui. Mwaka 1996, mwezi wa nane, Mobutu alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya kansere ya prostate. Alipokuwa bado Ulaya anajiuguza, vita vilianza mashariki. Alirudi Kinshasa mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa tano 1997 akakimbia, na tarehe 7 mwezi wa tisa akafia Rabat, Moroko. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wakubwa uani kwetu walivyocheka. Chui mwenye kofia ya chui, sasa hata kukojoa hawezi! Walisema mengi zaidi ya hayo ambayo siandiki. Baba Mukubwa alikuwa mmoja wa waliocheka. Aliniambia mwenyewe, baadaye sana. Kwa hiyo aliposikia jina la ugonjwa hakusikia habari ya mwili wake tu. Alisikia kicheko chake mwenyewe cha miaka ishirini na kitu iliyopita kikirudi kumtafuta ng'ambo ya ziwa.

Hapo ndipo naona kasoro ya methali ambayo wanapenda kuiandika kwenye mabango ya afya: mficha ugonjwa kifo humwumbua. Ni methali nzuri ya Kiswahili na inasema kweli. Lakini inamsema mfichaji tu. Haiulizi nani alicheka kabla, mpaka mtu akajifunza kuficha.

Sasa kitabu. Murogi wa Kagogo cha Ngũgĩ wa Thiong'o kiliandikwa kwa Kikuyu, kikatoka Kenya kwa sehemu kuanzia mwaka 2004, na mwandishi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiingereza, Wizard of the Crow, mwaka 2006. Nakala niliyosoma ni ya Kiingereza, iliachwa na mfanyakazi mmoja aliyemaliza mkataba wake akaondoka na begi dogo. Jalada limeliwa na mchwa kidogo. Wengi wamekihakiki kama kitabu cha siasa, na ndivyo kilivyo: Mtawala wa nchi ya Aburĩria anataka kujenga mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya kimataifa. Tunawajua watawala wa namna hiyo. Mimi nimekisoma kama kitabu cha magonjwa, na nina sababu.

Mwezi wa kumi na mbili 1995 Ngũgĩ, akiwa uhamishoni Marekani, aliambiwa ana kansere ya prostate na kwamba amebakiwa na miezi mitatu. Alikuwa nje ya Kenya tangu 1982, hawezi kurudi. Alitibiwa, akapona, na ile miezi mitatu ikawa karibu miaka thelathini: amefariki tarehe 28 mwezi wa tano 2025, akiwa na miaka 87. Riwaya hii ni kazi yake kubwa ya baada ya habari ile. Humo ndani sikukuta prostate hata mara moja. Lakini nimekuta miili inayougua kwa namna ambayo hospitali haina dawa yake. Mtawala anavimba, anavimba mpaka madaktari wa ng'ambo wanatunga jina jipya la ugonjwa. Na kuna mfanyabiashara, Tajirika, ambaye neno linamkwama kooni.

Hiyo ya Tajirika ndiyo nataka tuitazame, maana ndiyo niliyomsimulia Baba Mukubwa. Nilikuwa nasoma mchana, na usiku nikimaliza kula kwake nasimulia kwa Kiswahili chetu. Tajirika ameletewa magunia ya pesa na watu wanaotaka kandarasi za mnara. Ghafla anaanza kusimama mbele ya kioo, anajikuna uso, na mdomoni hakitoki kitu ila neno moja dogo, lile la "kama". Kama! Kama! Haendi mbele, harudi nyuma. Mke wake, Vinjinia, anampeleka kwa mganga, ambaye kwa kweli si mganga. Ni Kamĩtĩ, kijana msomi aliyekosa kazi, aliyeanza uganga kwa kutaka kuwakimbia polisi. Na tiba yake haina mizizi wala hirizi. Anamwambia mgonjwa amalizie sentensi. Ile "kama" ina mkia, na mkia huo ndio unamsonga: Tajirika anatamani angekuwa mzungu. Akishaitoa sentensi nzima, koo linafunguka.

Nilidhani ni hadithi nzuri ya kumfariji mgonjwa. Nilijiona mjanja. Baba Mukubwa alicheka sana pale kwenye kioo, akaniomba nirudie. Halafu akasema: "Ule mutu alikuwa na chance. Munganga yake alikuwa na wakati."

Nimesoma tahakiki kadhaa za kitabu hiki, na hiyo ndiyo bora. Mganga wa kitabuni anakaa na mtu mmoja. Anauliza, anangoja, anauliza tena. Daktari wetu, na simlaumu, alikuwa na foleni ya watu nje ya mlango, wengine wametoka visiwani kwa boti tangu saa tisa za usiku. Maneno aliyokuwa nayo kwa Baba Mukubwa yalikuwa machache, na hayo machache nusu nimeyala mimi.

Kuna Mmarekani alilisema hilo kabla yetu. Anatole Broyard alikuwa mhakiki wa vitabu wa gazeti la New York Times. Mwaka 1989 akaambiwa ana kansere ya prostate iliyokwisha kusambaa, na alifariki mwaka 1990. Katika miezi ile kumi na nne hivi aliandika insha ambazo mke wake alizikusanya, zikatoka 1992 kwa jina Intoxicated by My Illness. Broyard anahakiki ugonjwa wake kama vile anavyohakiki riwaya. Hadai daktari amkalie siku nzima. Anataka dakika chache tu ambazo kweli anafikiriwa yeye, si kinyama chake. Na anataka mgonjwa awe na namna yake ya kuugua, kama mwandishi anavyokuwa na sauti yake, ili ugonjwa usimfanye afanane na wagonjwa wengine wote.

Nilipenda sana, kisha nikakasirika. Ni rahisi kuwa na namna yako ya kuugua ukiwa na kitanda chako na chumba chako. Hapa nyumba ni ya matofali mabichi, jirani anasikia unapoamka kukojoa mara ya tano. Lakini nilipojua jambo la pili kuhusu Broyard, nilirudi kwake na macho mengine. Mtu huyu aliyeufunua ugonjwa wake mpaka kwenye nguo za ndani alikuwa ametoka kwenye familia ya watu weusi wa New Orleans, na maisha yake yote ya kazi aliishi kama mzungu. Watoto wake hawakuambiwa mpaka alipokuwa anakaribia kufa, na si yeye aliyewaambia, ni mama yao. Kwa hiyo alikuwa na kabati mbili. Moja aliifungua wazi watu wote waingie, na nyingine alikalia ufunguo.

Sisi tunaomjua huyu mtu ni wengi. Kila mkimbizi ana hadithi ya mahojiano, ile aliyoisema mezani kwa maofisa na ambayo ameirudia mpaka imelainika kama mpini wa jembe. Na ana ile nyingine. Baba Mukubwa angeweza kusimulia usiku ule walipokimbia, risasi, mtumbwi, nani alizama, bila sauti kutetemeka. Nilimsikia akisimulia kwa wageni zaidi ya mara nne. Lakini kwamba mkojo wake una damu, hapana. Tungeweza kumwona kama mtu mwenye uwazi mkubwa, na faili lake lilijaa. Uwazi ulikuwa kabati moja.

Nikumbushe pia kwamba kusema kunawezekana, hata kwa wakubwa. Nchi hii iliyotupokea, rais wake wa kwanza, Kenneth Kaunda, alisimama mwaka 1987 akasema kwamba mtoto wake ameuawa na Ukimwi, wakati ambapo hakuna kiongozi aliyetaka kulitamka jina hilo nyumbani kwake. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa kansere ya prostate mwaka 1997, akaisema, akaishi nayo mpaka 2021, miaka 90. Mandela naye 2001, akatibiwa, hakuficha, akaishi mpaka miaka 95. Niliyasema haya kwa Baba Mukubwa. Akauliza kama Mandela alipanda basi kwenda Lusaka. Basi nikaacha mambo ya Mandela.

Sasa kuna suala la vita. Vijana wetu wa afya wana mchezo mmoja wa kuigiza, nimeuona mara mbili. Kuna mtu amevaa gunia jeusi, ndiye Kansere, na mgonjwa anampiga kwa fimbo mpaka anaanguka. Watoto wanapiga makofi. Nguvu ya mchezo huo siikatai, waigizaji wana kipaji, yule wa gunia hasa. Nahakiki wazo lake. "Tupigane na saratani", "tuishinde", "shujaa wetu". Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, alilalamika juu ya lugha hiyo tangu mwaka 1978 katika kijitabu chake Illness as Metaphor. Alisema mafumbo ya vita yanamwongezea mgonjwa mzigo, kwamba ugonjwa uachwe uwe ugonjwa. Alikuwa yeye mwenyewe anatibiwa kansere ya titi alipokiandika, na ndani ya kitabu hajitaji.

Mimi naongeza hoja ambayo yeye asingeijua. Sontag aliwaandikia watu ambao kwao vita ni picha ya kusemea. Baba Mukubwa baada ya mchezo alisema: "Vita najua. Vita, batu banakimbiaka." Hakuna kati yetu hapa aliyekuja Mantapala kwa sababu alipigana. Tuko hai kwa sababu tulikimbia, na kukimbia kulitaka akili: kujua njia ipi, mtumbwi wa nani, saa ngapi mawimbi ya Mweru yanalala. Ukimwambia mtu kama huyo apigane, umemtukana bila kujua, kwa sababu unamwambia kwamba mara ya kwanza alikosea. Na akifa, mchezo wenu unamwachia jina gani? Aliyeshindwa?

Niliwahi kumuuliza mmoja wa waigizaji kwa nini yule wa gunia lazima apigwe. Akanijibu kwa unyofu kwamba bila kupigana watu wanaondoka. Hilo nalo ni jibu, mwigizaji anajua hadhira yake. Lakini wafikirie mchezo ambao mgonjwa na Kansere wanapanda mtumbwi mmoja, na shida yote ni nani anashika kasia.

Narudi kwenye mwili, maana uhakiki unaopaa sana unamsahau mgonjwa. Kansere hii inakula homoni ya kiume. Hilo alilionyesha daktari Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941, na baadaye, 1966, akapewa Tuzo ya Nobel. Ikishatoka kwenye prostate ikaingia mifupani, haiondolewi tena, lakini inaweza kulazwa usingizi, miezi au miaka, kwa kuinyima chakula chake. Njia ni mbili kubwa: sindano za kurudiwa kila baada ya miezi, au kuondoa korodani kwa upasuaji mara moja. Sindano inataka pesa na safari. Upasuaji unataka siku moja. Kwa mtu wa Nchelenge, ambaye hospitali ya kansere yenyewe, ile iliyofunguliwa Lusaka mwaka 2007, iko mbali safari ya basi ya mchana na usiku, unaona mwenyewe mizani inaelemea wapi.

Daktari alieleza haya yote safari ya pili. Safari hiyo sikutafsiri mimi. Nilimwomba mwenzangu mmoja, mtu mzima, si wa ukoo wetu, na mimi nilikaa nje chini ya mwembe. Kwa hiyo hayo maneno sikuyasikia, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Najua tu kwamba Baba Mukubwa alitoka, akakaa kando yangu, na hakusema kitu mpaka tulipovuka soko. Pale akanunua chisense ya kwacha kumi, akasema ni kwa ajili ya Mama Mukubwa.

Wiki tatu hakutaka hadithi. Nilikuja na kitabu, akasema macho yanamuuma, kana kwamba yeye ndiye anayesoma. Aligombana na jirani juu ya mfereji wa maji. Alimpiga mbwa. Aliacha kwenda kukaa na wazee wenzake, kwa sababu mazungumzo yao yana utani na utani wa wazee unajulikana unapoishia. Watu wa ushauri wangeita hiyo huzuni au hasira, wana majina yao na ni majina sahihi. Mimi niliona "kama" ya Tajirika. Mtu yuko mbele ya kioo.

Usiku mmoja akasema mwenyewe: "Ulete ule mutu ya kioo." Nikasimulia tena. Nilipofika kwenye "kama", akanikata. Akasema: "Kama singalikuja huku." Akanyamaza. Sikuwa mganga, lakini nilikuwa nimesoma kitabu, nikangoja. Akaendelea: kama singalikuja huku, ningalikufa mwanaume. Ng'ambo, na nyavu zangu.

Sikusema kitu. Moto ulikuwa unakwisha, akausukuma kwa mguu. Halafu akafikiri zaidi, akahesabu kwa vidole wale waliobaki Kilwa na Pweto wa rika lake, mmoja mmoja, na namna walivyokufa. Ilikuwa hesabu ndefu. Mwisho akasema bon, bale nabo bote walikufa wanaume, na ziwa halikubakiza hata jina.

Kama ningeishia hapa, kitabu cha Ngũgĩ kingeonekana dawa. Siyo dawa, na mwandishi mwenyewe anajua. Samahani kwa ambao hawajamaliza kusoma: Tajirika aliyeponywa hakuwa mtu mwema baada ya hapo. Anampiga mke wake, mpaka akina mama wanamshika na kumfanyia mahakama yao. Na mwishoni anapanda cheo mpaka yeye ndiye anakuwa mtawala, mbaya kama aliyemtangulia. Kwa hiyo kumalizia sentensi kunafungua koo tu. Kinachotoka baadaye ni cha mwenye koo. Hapo namsifu Ngũgĩ kuliko Broyard. Broyard anaamini kidogo kwamba mtu anayeugua kwa maneno mazuri anakuwa mtu bora. Ngũgĩ, aliyeambiwa miezi mitatu akapewa miaka, hana imani hiyo, na nadhani alijifunza mahali fulani nisikopajua.

Ninachomlaumu ni kingine. Vinjinia ndiye anayemwona mume wake mbele ya kioo kabla ya mtu yeyote. Ndiye anayemfichia wafanyakazi, ndiye anayemtafutia mganga, ndiye anayekaa pembeni wakati wanaume wawili wanazungumza na neno linatoka. Ngũgĩ anampa mambo makubwa baadaye, sikatai, na Nyawĩra mwenzake ni moyo wa kitabu. Lakini usiku ule wa uganga nataka kujua Vinjinia alikuwa anafikiri nini, na kitabu chenye kurasa zaidi ya 700 hakikupata nafasi.

Hata mimi sikupata nafasi. Angalieni makala hii: Mama Mukubwa ametajwa mara moja, na ni kwa ajili ya chisense. Nilipanga siku ya kumweleza. Nilijitayarisha kama mtu wa mahakamani, nikachagua maneno, safari hii bila uvimbe. Nikamkuta anapepeta unga. Nikaanza mbali, kwamba Baba Mukubwa ana ugonjwa mkubwa, kwamba unaanzia kwenye mkojo. Hakusimamisha ungo.

"Mutoto," akasema, "wewe ulifikiri manguo yake nani anafulaka?"

Alikuwa anajua tangu kabla ya mvua za mwaka uliotangulia. Alikuwa ameona damu, akaifua kwa maji ya baridi ili isigande, akaanika nguo nyuma ya nyumba. Hakumwambia mume wake kwamba ameona, kwa sababu yeye hakumwambia kwamba anaumwa. Wote wawili walikuwa wanatafsiri, kila mtu anamtafsiria mwenzake kimya.

Upasuaji ulifanyika mwezi wa nne. Mgongo umepungua kuuma. Joto linampanda usiku bila sababu, anatoka kukaa nje, na Mama Mukubwa anatoka naye. Daktari alisema ni kawaida kwa mwanaume aliyekatiwa homoni, na kwamba wanawake wa umri fulani wanalijua joto hilo. Mama Mukubwa alipoambiwa alicheka mpaka akashika mlango, naye Baba Mukubwa akacheka, na mimi nikaangalia chini, maana ni wazazi. Wananiambia nisome mbele. Tumefika pale akina mama wanapomhukumu Tajirika, na Mama Mukubwa ameomba sehemu hiyo tusiiharakishe.